Vidokezo 7 vya Kutuliza Akili na Kukamilisha Kazi ya Sanaa

Mawazo hayakosekani. Mtunzi, mchoraji, mpiga picha, mwanamuziki: kila mmoja ana daftari au simu iliyojaa kazi zilizoanzwa. Zinazokosekana ni zilizokamilika. Wengi hujilaumu kwa uvivu, au huogopa kwamba kipaji hakitoshi. Mara nyingi tatizo ni jingine: kila siku tunaanza upya kuamua tufanye nini, wapi na saa ngapi, hadi hamu inakwisha kabla kazi haijaanza. Amua hayo mapema, akili ibaki na kazi moja tu, kubuni.

1. Chagua saa yako, kisha uilinde

Toni Morrison alikuwa mhariri wa vitabu New York na alilea wanawe wawili peke yake. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1970, na kwa miaka mingi aliandika alfajiri, kabla jua halijachomoza. Shaaban Robert naye alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Tanganyika, na bado akatuachia mashairi, tenzi na riwaya. Kama alfajiri haikufai, chukua saa nne usiku watoto wakishalala. La msingi ni saa ileile kila siku, na watu wa nyumbani waijue.

2. Simu ikae chumba kingine

Kuizima mlio hakutoshi. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapohama kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye ile aliyoiacha. Ndiyo maana ujumbe uliousoma kwa dakika moja unakufuata kwenye ubeti mzima. Unaandikia kwenye simu hiyohiyo? Zima data kwanza.

3. Fanya kazi kwa vipindi

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanafunzi wa Italia aitwaye Francesco Cirillo alianza kusoma kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Utaratibu aliouanzisha ni rahisi: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika, na baada ya vipindi vinne, mapumziko marefu zaidi. Wakati wa kupumzika simama, nyoosha mgongo, kunywa maji. Usifungue mtandao, maana huko dakika 5 hazitoshi kamwe.

4. Jiwekee mipaka

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, Edward Said Tingatinga alichora picha zake Dar es Salaam kwenye vipande vya mraba vya ubao wa dari, kwa rangi za kupaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, lakini mtindo wake unaishi kwa jina lake hadi leo. Vifaa vichache hupunguza kusitasita. Jaribu rangi tatu tu, beti kumi tu, au hadithi inayotokea ndani ya chumba kimoja.

5. Tunga leo, sahihisha kesho

Anayetunga anahitaji ujasiri. Anayesahihisha anahitaji mashaka. Ukiwaweka pamoja, sentensi ya kwanza itafutwa mara kumi na ya pili haitazaliwa. Rasimu iende hadi mwisho, hata ikichechemea. Ukikwama kwenye neno, weka alama na uendelee. Kesho yake rudi na kalamu nyekundu, kisha soma kwa sauti: sikio hukamata kasoro ambazo jicho huzipita.

6. Acha ungali unajua kinachofuata

Ernest Hemingway alikuwa na desturi ya kusimama pale alipojua hadithi inaelekea wapi. Ni desturi ya kuigwa. Kabla hujainuka, andika mstari mmoja: “Kesho: mama anafungua barua.” Mchoraji aandike rangi atakayoanza nayo, mwanamuziki arekodi sekunde chache za kipande kinachofuata. Ukirudi, utakuta njia imeshafunguliwa.

7. Kazi moja mezani, nyingine daftarini

Mshika mbili moja humponyoka, na wasanii tunalijua hilo vizuri, kwa sababu wazo jipya hung’aa zaidi pale la zamani linapofikia sehemu ngumu. Usilifukuze, wala usilifuate. Liandike kwenye daftari maalumu pamoja na tarehe. Mara moja kwa wiki lipitie daftari hilo. Mawazo mengi yatakuwa yamepoa, na yale machache yenye uhai bado yatakusubiri.

Usivibebe vyote saba kwa mkupuo. Wiki hii anza na saa yako na simu. Hivyo viwili ndivyo msingi. Vikishakuwa mazoea, ongeza kimoja kimoja kadiri kazi inavyodai. Kipaji pekee hakijawahi kumaliza kitabu wala mchoro. Humalizwa na mtu aliyerudi kwenye kazi ileile, siku baada ya siku, akijua pa kuanzia.