Kabla ya Kukimbilia Maziwa ya Mbuzi

Mtoto ana miezi saba. Umempa uji wa maziwa kwa mara ya kwanza, na kabla hujaosha kikombe midomo imevimba, mabaka mekundu yametapakaa mgongoni na uji wote umerudi. Jirani wa kwanza atakwambia ni joto. Wa pili atakwambia maziwa ya ng'ombe ni mazito, mtafutie ya mbuzi. Huyu wa pili ameusogelea ukweli, ila dawa yake ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Huenda huo ni mzio, au aleji kama wengi tunavyoiita. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huidhania protini ya maziwa kuwa adui na kuishambulia. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, hivyo watoto wengi sana wanaodhurika na haya hudhurika na yale pia. Kuyachemsha hakuondoi tatizo, wala kuyagandisha yawe mtindi.

Labda unajiuliza: mbona hata mimi nikinywa maziwa tumbo linajaa gesi? Hilo ni jambo jingine. Tumbo lako halimudu laktosi, yaani sukari ya maziwa, kama ilivyo kwa watu wazima wengi Afrika. Linakera, lakini si hatari. Kwa mtoto mchanga ni nadra, isipokuwa kwa muda mfupi baada ya kuharisha sana.

Mzio wenyewe huja kwa njia mbili. Wa haraka hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili: mabaka, uvimbe, kutapika, kifua kubana. Wa polepole huchukua saa kadhaa, hata siku mbili tatu: kamasi au damu kwenye choo, kutapika mara kwa mara, pumu ya ngozi isiyosikia mafuta, uzito usiopanda kwenye kadi ya kliniki. Dalili hizi zote zina sababu nyingine pia. Choo chenye damu, kwa mfano, chaweza kuwa ni maambukizi, kwa hiyo mpeleke mtoto siku hiyohiyo. Kucheua kidogo baada ya kunyonya na kulia jioni peke yake si ugonjwa.

Mtoto akipumua kwa shida, akikoroma kifuani, sauti ikikauka au akilegea ghafla, usingoje. Bodaboda, bajaji, gari la jirani, chochote kilicho karibu kimfikishe hospitali, maana anahitaji sindano ya adrenalini mara moja. Na tafadhali, usimnyweshe maziwa "kuua sumu". Mazoea hayo tunayo sana, na hapa yanaweza kuua.

Kama hali si ya dharura, anzia zahanati au kituo cha afya unakompeleka kliniki. Kwa sera ya Tanzania, mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Nenda na daftari: alikula nini, saa ngapi, kilitokea nini, kilikwisha lini. Mabaka yapige picha kwa simu, kwa sababu mara nyingi hupotea kabla hujamfikia mganga.

Kipimo kikuu ni cha subira. Kwa maelekezo ya mtaalamu, maziwa huondolewa kabisa kwa wiki mbili hadi nne, kisha hurudishwa ili kuona kama dalili zinarudi. Wengi huishia nusu ya kwanza, na mtoto ananyimwa maziwa miaka kwa sababu ya dhana tu. Lakini aliyewahi kupata mzio wa haraka asirudishiwe nyumbani. Kazi hiyo ni ya hospitali. Vipimo vya ngozi na damu hupatikana zaidi hospitali kubwa, na vinasaidia kwenye mzio wa haraka tu. Kwa ule wa polepole, uliza kwanza vitakuonyesha nini kabla hujalipa.

Je, uache kunyonyesha? Usiache. Wachache sana hudhurika kupitia titi, na hapo anayeacha maziwa, jibini na siagi ni mama, tena kwa ushauri. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, ufuta na wimbi vitamsaidia mama huyo kupata madini ya kalisi.

Asiyenyonya ndiye mwenye gharama. Anahitaji maziwa maalumu ya kopo ambayo protini yake imevunjwavunjwa. Piga hesabu kabla: mtoto wa kilo tano hunywa kama mililita 750 kwa siku, na kopo la gramu 400 hutoa takriban lita tatu. Hayo ni makopo saba au manane kwa mwezi. Ulizia bei kwenye maduka ya dawa zaidi ya moja, na usiyazimue kwa maji ya ziada ili yafike mwisho wa mwezi, mtoto atadhoofika. Tui la nazi ni zuri kwenye uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita, ila halishiki nafasi ya maziwa yake.

Maziwa hujificha kwenye biskuti, mkate, maandazi na baadhi ya unga wa uji wa lishe. Kwenye pakiti tafuta maneno milk, casein na whey.

Watoto walio wengi huuacha mzio huu kabla ya kuanza shule, hivyo rudi kliniki kila baada ya miezi sita hadi 12 mtaalamu aamue kama ni wakati wa kumjaribu tena. Kwa sasa, mweleze dada wa kazi, na mweleze bibi kwa upole, kwa sababu biskuti ya kumbembeleza mjukuu huwa haikosi kwenye mkoba wake.