Shika Gole Kabla ya Kumwaga Pumba

Kwa sisi tunaopanga nje ya chuo, kuku watano au sita nyuma ya nyumba si jambo la ajabu tena. Bumu likichelewa, mayai yanasogeza siku. Mimi na mwenzangu wa chumba tulianza na mitetea sita wa kienyeji, kwa ruhusa ya mama mwenye nyumba, na kabla muhula haujaisha tulikuwa na watano. Huyo mmoja hakuibiwa wala hakuliwa na kicheche. Nilimuua mwenyewe kwa kumtibu, na ndiyo maana naandika.

Tuanze na kiungo chenyewe. Gole ni ule mfuko ulio chini ya shingo, mbele ya kifua, umeegemea upande wa kulia wa kuku. Kuku hana meno. Anachodonoa kinashukia humo kwanza, kinalowana, kisha kinaachiliwa kidogo kidogo kwenda kwenye tumbo la tezi na baadaye firigisi, ambako ndiko kinakosagwa. Jioni gole likitokeza kama mfuko uliojaa hakuna tatizo, amekula anakwenda kulala. Usiku linajimwaga taratibu. Kwa hiyo kipimo cha maana ni cha alfajiri, kabla hujamwaga pumba: mshike, pitisha vidole. Gole zima linakuwa tupu, limelala bapa, unaweza hata kulikosa. Likiwa bado limejaa saa hizo, kuna jambo. Wengi wetu (mimi nikiwa wa kwanza) tunampima kuku mchana ameshakula, halafu tunaanza kutibu magonjwa ambayo hayapo.

Sasa, gole lililojaa asubuhi linaweza kuwa limeziba au limechacha. Lililoziba ukilibonyeza unakuta donge gumu, kama ugali uliolala. Humo mara nyingi kuna nyasi ndefu zilizokauka, nyuzi za viroba, vipande vya nailoni. Kuku anaendelea kudonoadonoa, lakini anakonda na kinyesi kinapungua. Lililochacha ni laini, linacheza mkononi kama puto lenye maji, na ukimfungua mdomo unakutana na harufu ya togwa iliyopitiliza. Hapo kuvu wa jamii ya hamira, wanaoitwa Candida, wameshamiri. Wale wanaotia antibayotiki kwenye maji kila mara "kwa kinga" wanawafungulia mlango kuvu hao, maana dawa inaua bakteria waliokuwa wakiwabana. Halafu gole lililoziba likikaa siku kadhaa, chakula kinaoza humo humo nalo linachacha.

Ndicho kilichompata mtetea wangu. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, aliniambia: "Mshike miguu, mpindue kichwa chini, mkamue atapike." Nikafanya hivyo. Maji machafu yalitoka kweli, akapiga mbawa mara mbili tatu, akafa mikononi mwangu. Tundu la pumzi la kuku liko nyuma ya ulimi. Uchafu unaorudi kwa kasi kutoka kwenye gole unapita juu yake, na kwa kuku aliyechoka unaingia moja kwa moja kwenye mapafu. Mama mwenye nyumba akasema, "Hebu mpasue mwanangu, tuone kilichomkaa." Ndani ya gole tulikuta fundo la nyuzi za kiroba kubwa kama limau. Kiroba cha pumba, tuliochana sisi wenyewe na kuacha nyuzi uani.

Wa pili kuugua alikuwa kishingo, na kwa kuwa shingo yake haina manyoya tuliona uvimbe mapema. Alfajiri ulikuwa mgumu, hauna harufu. Huyu nilimtenga kwenye boksi, nikamnyima chakula siku nzima ila maji nikamwachia. Kwa bomba la sindano (bila sindano yenyewe) nilimpa mafuta ya alizeti kama mililita mbili, tone kwa tone pembeni mwa mdomo, nikisubiri ameze kila mara. Kisha, akiwa amesimama wima, nikalisugua gole kwa vidole kwa kuzungusha polepole, dakika kama tano, mara nne kwa siku. Usikandamize, hukandi chapati. Siku ya pili jioni donge lilianza kulainika. Asubuhi ya tatu gole lilikuwa bapa. Nikamrudisha na yai la kuchemsha lililopondwa na pumba iliyoloweshwa, kidogo kidogo.

Siku mbili zikipita bila mabadiliko, au kuku akazidi kudhoofika, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Anaweza kulipasua gole, akatoa uchafu na kushona. Usijaribu kwa wembe wa geto. Na lililochacha linahitaji dawa ya kuvu, kama nistatini, kwa kipimo cha daktari. Usimwongezee antibayotiki kwa kubahatisha. Siki inasifiwa sana vijiweni. Mimi siitegemei kwa kuku ambaye tayari ananuka mdomo.

Lipo pia gole lililolegea likaning'inia kama mkoba. Misuli imetanuka na mara nyingi hairudi. Mpe chakula kidogo mara nyingi, au ukubali kuwa huyo ni wa mchuzi.

Jambo moja linaweza kukupotosha: gole husimama pia kwa sababu kuku anaumwa kitu kingine. Ukiona kadhaa wamezubaa kwa pamoja, wanahema kwa shida, wanahara kijani, shingo zinapinda, acha kusugua magole. Fikiria mdondo, watenge, umwite mtaalamu. Mdondo hauna tiba, una chanjo tu, ile ya matone ya jicho, na inatolewa kabla ugonjwa haujaingia bandani.

Siku hizi kiroba tunakifungulia ndani ya chumba na nyuzi zinaenda mfukoni. Nyasi tunazikatakata fupi, na pembeni ya banda kuna sinia la mchanga wa mto wenye chenga, wanadonoa kusaidia firigisi kusaga. Kishingo alichelewa kurudi kutaga, karibu wiki tatu, na yai lake la kwanza alilitagia ndani ya ndoo ya mama mwenye nyumba. Hakulirudisha.