Namba za Watu Wako Si Rehani

Mkopo wa simu ukichelewa kulipwa nchini Kenya, mara nyingi hasumbuliwi aliyekopa peke yake. Hupigiwa mkwe, hupigiwa bosi, hata fundi wa mabomba ambaye namba yake ilibaki tu kwenye simu, wote wakiambiwa wamhimize fulani alipe. Kampuni hujitetea kwamba mkopaji mwenyewe alibonyeza “Ruhusu” alipopakua programu. Utetezi huo hausimami. Namba ya mkwe ni taarifa binafsi ya mkwe. Mkopaji hana mamlaka ya kuiridhia kwa niaba yake. Ndiyo maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtazama mwenye taarifa, si mwenye simu. Tena kanuni za watoa mikopo ya kidijitali, zilizotolewa Machi 2022 na kusimamiwa na Benki Kuu ya Kenya, zinakataza waziwazi vitisho, matusi, kumwanika mdaiwa mitandaoni na kuwasumbua watu walio kwenye simu yake. Si maneno matupu: mwaka 2023 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, ilitozwa faini ya shilingi 2,975,000 kwa kosa la aina hii.

Wakopeshaji husema hawashiki rehani, hivyo wakizuiwa kubana watapoteza pesa na mnyonge hatakopeshwa tena. Hoja hii ina uzito, kwani mama mboga anayetafuta shilingi 2,000 za kwenda sokoni alfajiri hana benki ya kumsikiliza saa hiyo. Lakini hatari ya kutolipwa imekwisha kutiwa ndani ya riba anayotozwa, na njia halali zipo: kumripoti kwa CRB, yaani shirika linalotunza kumbukumbu za mikopo, deni likizidi shilingi 1,000, au kumshtaki katika Mahakama ya Madai Madogo. Kumwaibisha kwa bosi kunaweza kumnyang'anya kazi ambayo ingelipa deni hilohilo.

Deni linabaki deni; kudhulumiwa hakulifuti, na anayekwambia vinginevyo anakupoteza. Ila usifute ujumbe wa vitisho kwa hasira. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe, andikia kampuni, angalia kama imo kwenye orodha ya Benki Kuu ya waliopewa leseni, kisha peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria ina siku 90 za kuyachunguza na kuyamaliza. Mkwe naye anaweza kulalamika kwa jina lake mwenyewe, hata kama mkopaji ameshalipa deni lote.