Moshi wa Jikoni na Afya ya Watoto

Watu wengi wameuzoea moshi wa kuni, hata hudhani kwamba madhara yake ni kutoa machozi tu. Sivyo. Ndani ya moshi mna chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo hupita puani na kooni zikaingia mpaka ndani ya mapafu. Huko huyadhoofisha, hata yasiweze kupigana na vijidudu vya nimonia.

Wenye kudhurika zaidi ni wale wakaao karibu na moto: mama apikaye, na mtoto aliyebebwa mgongoni mwake. Uchunguzi uliofanywa Laikipia katika nyumba 55, ambao habari zake zilichapishwa mwaka wa 2001, ulionyesha kwamba kadiri mtu azidivyo kuvuta moshi, ndivyo azidivyo kupatwa na maradhi ya kifua.

Basi yafaa kufanya nini? Kuni zianikwe mpaka zikauke kabisa, kwa maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi. Jikoni pawe na dirisha, na tundu la kutokea moshi juu ya mafiga. Mtoto asikalishwe karibu na moto. Makaa nayo, ingawa hayana moshi mwingi, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala.

Mtoto akikohoa na kupumua kwa haraka, au kifua kikibonyea avutapo pumzi, apelekwe hospitali siku ile ile. Kungoja kesho ni hatari.