Punje ya Kijani ya Igwisi

Vijana wa Kasokola, nje kidogo ya mji wa Mpanda, wana maswali kuhusu mawe ya volkano. Mwanajiolojia anawajibu.

Jiwe linajuaje kwamba magma ilipanda haraka au polepole?

Linalojua si jiwe zima, ni fuwele zilizomo ndani yake. Chukueni olivini, punje ya kijani kama chupa ya soda. Ina magnesi na chuma. Ikiangukia kwenye magma isiyofanana na ile iliyoizaa, ukingo wake huanza kubadilika: chuma kinaingia, magnesi inatoka, kuanzia nje kwenda ndani.

Lowekeni kanga mpya nyekundu, igusane na shuka jeupe. Mkilitoa shuka mapema, wekundu utakuwa pembeni tu, upana wa kidole. Mkiliacha mpaka asubuhi, rangi imeshafika mbali. Na maji yakiwa ya moto, kanga huchuja upesi zaidi. Olivini nayo ni hivyo hivyo. Lava ikipoa, atomi husimama na ukingo hubaki kama ulivyokutwa. Kwa kuwa maabara zimeshapima kasi ya atomi hizo katika kila joto, tukiujua upana wa ukingo na joto la magma tunapiga hesabu ya muda.

Huo ukingo mnauonaje?

Jiwe linakatwa na kusuguliwa hadi unene wa milimita 0.03, mwanga upenye. Kisha mwali mwembamba wa elektroni unapita hatua kwa hatua kutoka ukingoni hadi katikati, ukipima chuma. Kazi inachosha macho.

Huku kwetu lipo jiwe la namna hiyo?

Kasokola, hapana. Mawe yenu ni ya ukanda wa Ubendi, umri wake karibu miaka bilioni 2, na yamepikwa na kukandamizwa mno. Alama ya muda ya aina hii, hata kama iliwahi kuwemo, imeshafutika.

Ila nyosheni kamba kwenye ramani, kiasi cha kilomita 190 kaskazini-mashariki ya Mpanda, mkoani Tabora. Hapo pana vilima vitatu vya Igwisi, vidogo kiasi kwamba mtu anaweza kuvipita asijue ni volkano. Ndiyo kimberliti changa kuliko zote zinazojulikana duniani: miaka 12,000 hivi. Kimberliti ni mwamba wa jamii ya ule wa Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940.

Lava ya Igwisi imejaa olivini za mviringo kama mayai, zilizong'olewa kina cha kilomita 100 hivi. Olivini ni nzito kuliko magma. Magma ingejivuta, zingezama. Zimefika juu, kwa hiyo safari ilikuwa ya mbio. Kwa kimberliti, wataalamu hukadiria saa kadhaa hadi siku chache. Almasi za Mwadui nazo ni mashahidi: zingekawia njiani kwenye joto lile, zingegeuka grafiti, ile ya kwenye penseli.

Hesabu hizi hazikosei?

Hukosea, tena sana. Mkikosea joto kwa nyuzi 50 tu, muda unaweza kubadilika karibu mara mbili. Isitoshe, huenda ukingo ulibadilika punje ikiwa bado imetulia chini. Hapo mnapima kukaa, hampimi kupanda. Ndiyo maana mimi siamini elementi moja peke yake. Katika volkano ya Irazú, Costa Rica, iliyolipuka mwaka 1963, nikeli iliyobaki ndani ya olivini, si chuma na magnesi peke yake, ndiyo iliyoonyesha kwamba magma ilitoka kina cha kilomita 35 hivi kwa miezi tu.

Na sisi inatusaidia nini?

Kujua onyo litakuwa la muda gani. Tarehe 17 Julai 2007 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga karibu na mlima Gelai. Volkano jirani ya Ol Doinyo Lengai ikalipuka tarehe 4 Septemba. Wafugaji walipata wiki saba. Magma ya mbio kama ya Igwisi haitoi nafasi hiyo.

Mkifika Igwisi, msivunje vilima kwa nyundo. Okoteni kipande kilichokwisha kuanguka, na mwandike hapo hapo mlipokiokota. Jiwe lisilo na mahali halina kazi maabara.