Puli ya Kukaza Mkanda Ikilia

Puli inayokaza mkanda wa injini ikianza kulia, wengi wetu huumwagia mkanda oili. Kelele hupungua, kisha mkanda huteleza na kuharibika.

Tuzime injini, tutoe ufunguo, tungoje ipoe. Kuikagua ikizunguka, mikono ya ovaroli ikining'inia, ni kuchezea vidole. Tuchore njia ya mkanda kwenye karatasi, tuuvue, tuizungushe puli kwa mkono. Ikikwaruza au kuchezacheza, beringi imekwisha. Kwa kawaida beringi hizi huzibwa kiwandani, hazitiwi grisi. Dawa ni puli mpya.

Ikikwama, mkanda hukatika. Betri haipati chaji, na pampu ya maji ikivutwa na mkanda huohuo, injini huchemka. Msimamizi akisema gari liondoke hivyo hivyo na wenzetu ndani, dereva aandike hitilafu na tarehe katika daftari la gari kabla ya kuwasha.