Yambwa Isiyotajwa: Maana za Kitenzi -nywa na Visawe Vyake

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na kitenzi -nywa mapema, na aghalabu hukutana nacho kama tatizo la sarufi. Ni kimojawapo cha vitenzi vichache vyenye shina la silabi moja. Hivyo hubeba ku- katika anakunywa, amekunywa na atakunywa, na kuiacha katika hanywi, anywe, hunywa na hajanywa, au kinapopachikwa kiambishi cha yambwa, kama katika ameyanywa. Suala hilo limeelezwa vya kutosha katika vitabu vya sarufi. Maana ya kitenzi hicho haijapewa uzito huohuo, pengine kwa sababu inadhaniwa kuwa ni dhahiri: kupitisha kitu cha majimaji kinywani hadi tumboni. Makala hii inadai kuwa fasili ya namna hiyo inaacha nje sehemu kubwa ya matumizi ya kila siku, na kwamba maana ya -nywa hutegemea sana yambwa, hasa pale ambapo yambwa yenyewe haitajwi.

2.0 Mipaka ya Neno

Kabla ya kuzungumzia maana nyingi za neno moja, sharti kwanza ithibitike kuwa neno ni moja. Lyons (1977) ameonyesha jinsi ilivyo vigumu kutenganisha polisemia na homonimia, kwani asili ya neno na hisia za wasemaji wake huweza kutoa majibu mawili tofauti. Kwa Kiswahili, mfano mzuri ni -nywea.

(1) Kikombe hiki ni cha kunywea kahawa.
(2) Alipoulizwa fedha ziko wapi, alinywea.

Katika (1) ipo kauli ya kutendea ya -nywa. Katika (2) mtu amepungua: ameishiwa nguvu, amekuwa mdogo kwa hofu au aibu. Hutumika pia kwa mwili uliokonda, na husemwa uso umemnywea. Anayetaka kuziunganisha maana hizi anaweza kutoa hoja kwamba kinachonywewa hupungua, kama maji yanayozama mchangani, na kwamba (2) inaitazama hali kwa upande wa kinachotoweka. Hoja hiyo inavutia, lakini umbo haliiungi mkono. Kiambishi cha kutendea kwa kawaida huongeza yambwa. -Nywea ya (2) haihitaji yambwa yoyote wala haikubali kauli ya kutendwa. Inafanana zaidi na -legea, -tepetea na -nyong'onyea, vitenzi vya kudhoofika vinavyoishia na -ea isiyo ya kutendea. Hata uso umemnywea ina muundo uleule wa viungo vimemlegea, ambapo kiambishi -m- chamtaja mwenye kiungo, si mtendewa. Kwa hiyo -nywea ya pili yastahili kidahizo chake yenyewe.

Ugumu mwingine uko katika -nywewa. Umbo hili ni kauli ya kutendwa ya -nywa (maji yamenywewa) na papo hapo ni ya -nywea ya kutendea (amenywewa maji yake na wageni). Hapa maana ni jamaa, na muktadha hutosha kuzipambanua. Ama vinyweleo vya ngozini, hivyo vinatokana na unywele. Kufanana kwake na -nywa ni kwa sauti tu.

Kuhusu kinywa, uhusiano wake na -nywa ni wa kale. Chichewa ina kumwa kwa tendo na kamwa kwa kiungo. Kinyarwanda ina kunywa na akanwa. Kamusi inaweza kuutaja ujamaa huo, lakini kinywa hakifasiliki leo kama chombo cha kunywea. Ndiyo maana kifungua kinywa cha Tanzania, au kiamshakinywa cha Kenya, ni chakula hata kama hakuna kilichonyweka.

3.0 Kinachonywewa

Umajimaji si kigezo cha kutosha. Uji na supu hunywewa, lakini vidonge pia hunywewa, na mgonjwa anayeambiwa anywe dawa hajaambiwa kama dawa hiyo ni ya maji au ya unga. Kunywa chai ni zaidi ya chai: anayeulizwa asubuhi "Umekunywa chai?" anaulizwa kama amekula kitu, na jibu la ndiyo hujumuisha muhogo, vitumbua au chapati. Gari hunywa mafuta na ardhi hunywa mvua, ingawa hapo -la hushindana na -nywa bila tofauti kubwa.

Mpaka huu haufanani katika lugha jirani. Kinyarwanda husema kunywa itabi na Luganda okunywa taaba, yaani kuvuta tumbaku; na katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo kunywa tumbako husikika. Kiswahili sanifu kimeukabidhi moshi kwa -vuta. Vivyo hivyo Wakikuyu hunywa kiapo, kunyua muma, lakini habari za viapo vya Mau Mau zinaposimuliwa kwa Kiswahili, kiapo hicho huliwa. Kwa jumla -la imejitwalia sitiari nyingi: hula kiapo, rushwa, njama, hasara. Hata rushwa inayoombwa kwa jina la chai huliwa, hainywewi.

4.0 Yambwa Isiyotajwa

Tazama sentensi zifuatazo, ambazo hazina yambwa hata moja:

(3) Shemeji hanywi.
(4) Mtoto hanywi tangu jana.
(5) Ng'ombe wamekunywa?
(6) Usimjibu, amekunywa.

Hakuna msemaji anayezitafsiri sawasawa. Katika (3) kinachokanushwa ni pombe, na kinachokanushwa ni desturi: shemeji huyo huenda ana kikombe cha kahawa mkononi wakati maneno hayo yanasemwa. Katika (4) ni maziwa au maji, na sentensi ni habari ya ugonjwa. Katika (5) ni maji. Katika (6) ni pombe tena, lakini njeo -me- imegeuza tendo kuwa hali: amekunywa ni sawa na amelewa kwa upole. Kwa hiyo yambwa isiyotajwa hutambulikana kwa mtenda na kwa njeo. Mtenda akiwa mtu mzima mwenye afya, yambwa hiyo ni pombe, isipokuwa muktadha uonyeshe vingine. Maneno "mgonjwa hanywi" yana utata wa kweli, kwani ugonjwa umeiondoa sifa moja kati ya hizo mbili.

Nomino zinazotokana na kitenzi hiki hazikurithi tabia hii kwa usawa. Mnywaji na unywaji zikisimama peke yake huelekea kwenye pombe. Anayependa kahawa lazima aitwe mnywaji wa kahawa. Kinywaji kimebaki wazi zaidi, lakini vinywaji baridi ni soda na maji ya matunda, na bia iliyotoka barafuni si miongoni mwake.

5.0 Visawe

Ikiwa -nywa pekee yatosha kumaanisha kunywa pombe, kwa nini pawe na maneno mengine mengi? Kigezo cha ubadilishanaji chaonyesha kuwa hayo si visawe kamili. -gugumia ni kunywa kwa pupa, na maji yanagugumiwa kama pombe; -konga ni kunywa hadi kiu iishe, na ndipo wimbo huweza kukonga nyoyo. Hivi hutofautiana na -nywa kwa namna ya tendo. Kupiga maji, kupiga mtindi, kukata ulabu na kupiga tungi hutofautiana nacho kwa msimamo wa msemaji, na vyote hukataa yambwa nyingine: hakuna anayepiga mtindi wa chai. Jambo la kuzingatia ni kwamba maji na mtindi ni vinywaji halali vinavyoazimwa kufunika kisichotajwa, na katika jamii za pwani, ambako ulevi ni haramu kidini, azima hiyo ina kazi ya adabu. Anayeuliza "Wewe unatumia?" naye hufunika vivyo hivyo, akiacha si yambwa tu bali na kitenzi.

-lewa si kisawe cha -nywa, japo huchanganywa nacho. Ni hali, tena ina kinyume chake, -levuka. -Nywa ni tendo lisilorudishika. Tena -lewa haihitaji kinywaji: mtu hulewa madaraka au sifa. Mnywaji aweza kuitwa hivyo mbele yake. Mlevi ni tusi.

Jina la kinywaji nalo halina uthabiti. Tembo la mnazi hupambanuliwa na tembo wa porini kwa upatanisho wa ngeli, kama inavyoonekana katika methali ya mgema anayesifiwa, ambaye tembo hulitia maji. -Li- hiyo yatosha kumwondoa mnyama. Utata wa pombe hausaidiwi na ngeli. Neno hilo ni la jumla, na papo hapo ni la vinywaji vya kienyeji peke yake, kiasi kwamba msemaji aweza kusema bila kujipinga, "Sinywi pombe, nakunywa bia."

Hapo ndipo mfasiri wa hojaji za afya anapokwama. Akiandika "Je, unakunywa?" ameacha yambwa ijazwe na msomaji. Akiandika "Je, unakunywa pombe?" mnywaji wa bia aweza kujibu la, na jibu lake likawa kweli. Kileo hujumuisha vyote viwili, lakini kwa kuwa kinatokana na -lewa, huulizia kulewa kabla ya kuulizia kunywa, na anayekunywa chupa moja jioni aweza kuona halimhusu. Hakuna budi vinywaji vyenyewe vitajwe kwa majina yanayojulikana mahali pale: bia, mnazi, mbege Kilimanjaro, ulanzi Iringa, gongo au chang'aa. Hojaji hiyo itakuwa ndefu kuliko ile inayotafsiriwa.